Kisanduku Kisichoiona Namba ya Lori

Wakala mmoja wa forodha pale Rusumo, mpakani mwa Tanzania na Rwanda, aliwapa Shamsia na Tecla kazi ya kutengeneza tovuti ya kufuatilia malori. Tecla alitengeneza kurasa: mmoja wa madereva, mwingine wa wenye mizigo. Shamsia alitengeneza kisanduku kidogo kinachoonyesha lori limefikia wapi, kimoja hichohicho cha kupachikwa kwenye kila ukurasa.

Siku ya kujaribu, ofisini kwa wakala, kisanduku kikabaki kitupu. Namba ya lori ilisomeka vizuri juu ya ukurasa, lakini kisanduku kilichokaa ndani ya ukurasa huohuo hakikuiona.

"Kinajua kimo ndani ya ukurasa," Shamsia alisema, macho kwenye kompyuta. "Ila kwake ni ukurasa tu, kama mwingine wowote. Hakijui kwamba huu wako una namba ya lori."

"Si ukiambie, jamani!"

Shamsia akakiandikia mstari mmoja: ukurasa uliokubeba ni ule wa madereva, chukua namba yake. Wakaufungua upya. Kisanduku kikajaa! Mizani, tayari. Forodha, tayari. Daraja, bado.

Tecla aliruka, kiti kikaanguka. "Mpigie mama Semeni!"

Semeni alikuwa mfanyabiashara wa mchele mjini Biharamulo, na lori lake lilikuwa hapo mpakani tangu jana.

"Shikamoo mama," Shamsia alisema.

"Marahaba mwanangu. Mbona unahema?"

"Fungua ukurasa wako kwenye simu, mama."

Wakasikia kelele za soko, kisha sauti yake: "Mbona naona maandishi mekundu tu, ya Kizungu?"

Shamsia alishika kichwa, halafu akaanza kucheka. "Nimekiambia kila ukurasa ni wa madereva! Kisanduku cha mama kimeutafuta huo, kimekuta wa wenye mizigo. Lazima kigome."

"Tuandike mstari wa pili, wa wenye mizigo," Tecla alisema.

"Na tukiongeza ukurasa mwingine kesho? Hapana. Tuweke mkataba. Kila ukurasa utakaobeba kisanduku uahidi kitu kimoja tu, kutoa namba ya lori. Kisanduku kisijali ni ukurasa gani. Kidai ahadi, basi!"

Wakagawana. Shamsia aliandika mkataba, akakibadilisha kisanduku. Tecla akatia ahadi kwenye kurasa zake. Ukurasa wa madereva ukafunguka. Wa wenye mizigo nao ukafunguka.

"Mama, jaribu tena!"

"Ngoja... Eeh! Naliona! Forodha limemaliza! Subirini, kimebadilika hapa. Daraja, tayari! Wanangu, limevuka?"

Wakatoka mbio hadi barabarani. Ng'ambo ya daraja, lori la Semeni lilikuwa linapanda taratibu upande wa Rwanda, turubai lake la bluu likipepea. Tecla aliinua simu juu, akapaza sauti kushinda ngurumo ya maporomoko ya mto karibu na daraja: "Limevuka, mama! Tunaliona kwa macho!"

Kwenye simu, Semeni alikuwa tayari anawaita majirani zake wa sokoni waje watazame.