Kiwanda cha Mikate cha Watu Wawili

Fundi seremala alikuwa hodari wa kila kitu isipokuwa kusema. Ukimpa ubao uliopinda ataunyoosha, ukimpa mlango unaolia atautuliza, lakini neno la kumwambia mkewe baada ya mtoto wao kufa lilimshinda kabisa. Likimfika mdomoni, anakimbilia karakana na kuwasha msumeno.

Mtoto alikuwa wa kike, wa kwanza, na alizaliwa hana pumzi. Mama yake alikuwa bado hajitambui kwa dawa za upasuaji wakati Fundi alipokabidhiwa mwili ule mdogo. Aliutazama, akauosha na dada zake, kisha akaenda na kaka zake kuzika. Mkewe alipozinduka alimkuta mumewe ameketi kando ya kitanda, viatu vina udongo. Aliviona vile viatu, akageukia ukutani. Hakuuliza, naye Fundi hakusema.

Sura ya mtoto ikabaki kwa Fundi peke yake, na alijua hiyo si haki. Kila asubuhi alipiga moyo konde kwamba leo atamsimulia mkewe. Akimwona tu ameinamia cherehani, akishona sare za shule za watoto wa watu, ulimi unakufa ganzi, anaishia kuuliza kama kuna chai. Anajibiwa ipo. Mazungumzo yamekwisha mpaka kesho.

Aliyewaonea huruma ni shemeji yake, mdogo wa mkewe, mwenye banda la kuchezesha gemu. Alikuja siku moja na mashine ya zamani na padi mbili za kuchezea kwenye mfuko, akaichomeka kwenye televisheni bila kuomba ruhusa ya mtu.

"Hili ni la watu wawili, shemeji," alisema. "Kiwanda cha mikate. Mmoja anakanda unga, mwingine anachoma. Ukicheza peke yako hufiki popote."

"Mimi na gemu wapi na wapi?"

"Si kwa ajili yako wewe. Dada amenyamaza mno. Cheza naye."

Basi wakacheza, kwa sababu ya kumheshimu mgeni. Ndani ya kioo kulikuwa na tanuri, pipa la unga, na wateja wamepanga foleni dirishani, wakicheleweshwa wanakuwa wekundu kwa hasira. Mtu wa Fundi mle kiwandani alijigonga ukutani, akatumbukia kwenye pipa, akatoka mweupe pepepe. Mkewe aliishika padi kama aliyeshikishwa mzigo wa msafiri asiyemjua. Moshi ukaanza kutoka kwenye tanuri.

"Unaunguza," alisema mkewe.

Fundi nusura aangushe padi. Ukiacha ndiyo, hapana na ipo, hilo lilikuwa neno la kwanza kulisikia kwake tangu watoke hospitali.

"Nitoe?"

"Toa, Fundi, toa. Sasa unakwenda wapi? Tanuri liko huku."

Tangu hapo ikawa ndiyo desturi yao. Jioni, kazi zikiisha, wanaketi kwenye mkeka mbele ya televisheni na kuoka mikate isiyolika. Mkewe alikuwa na vidole vyepesi vya cherehani, na haikupita wiki akawa msimamizi wa kiwanda. Fundi akawa kibarua, tena kibarua wa kusukumwa.

"Unga. Nimesema unga, si maji. Na wewe kweli ndiye unayewatengenezea watu makabati?"

Siku moja mteja wa kwenye gemu aliruka dirishani akaanza kumfukuza Fundi, naye amebeba sinia la mikate, wanazunguka tanuri kama kuku na jogoo. Mkewe alicheka mpaka akashika tumbo pale penye mshono, akimwomba aache, anamuumiza. Usiku ule alimaliza chakula chote. Kesho yake akawasalimia majirani. Fundi alikwenda karakana akipiga mluzi, mbingu zake zimetulia.

Hapo ndipo alipokosea, na alikosea kifundi.

Stoo kulikuwa na kitanda cha mtoto. Fundi alikitengeneza mwenyewe kwa mbao ngumu, na mkewe, mimba ikiwa imemkaa sawasawa, aliketi kwenye kigoda pale karakana akikipiga msasa mpaka kila kona ikawa laini kama sabuni. Sasa kicheko kimerudi nyumbani, aliwaza Fundi, hicho kitanda cha nini tena zaidi ya kumtonesha? Na mbao nzuri hazitupwi. Na televisheni yenyewe imewekwa juu ya kreti linaloyumba. Mkewe alipokwenda kununua nyuzi, alikivunja, akapima, akakata, na kufikia alasiri pale sebuleni palikuwa na meza ya gemu inayong'aa vanishi, na rafu yake ya kuwekea padi. Akasimama kando yake akisubiri kusifiwa.

Mkewe alitabasamu alipoiona. Akapitisha mkono kwenye ukingo wa meza, na mkono ukasimama.

"Hizi mbao umezitoa wapi?"

Fundi alikohoa.

"Fundi. Umezitoa wapi?"

"Stoo."

Mkewe alichuchumaa, akaushika ule ukingo kwa mikono miwili. Angepiga kelele ingekuwa afadhali, lakini alisema taratibu.

"Nilikuwa naingia stoo kukishika ukienda kazini. Kila siku. Sikuwa na kingine. Wewe ulimwona mwanangu, ukamzika, hukuniambia hata kama alikuwa na nywele. Sasa na kitanda chake umekifanya meza."

Aliingia chumbani akafunga mlango. Kimya kikarudi, na safari hii kilikuwa kibaya zaidi, kwa maana sasa kilikuwa na sababu iliyosemwa. Fundi alifikiria kukirudisha kitanda. Alichukua hata futi yake ya chuma akapima, akajua anajidanganya, mbao zote zilishakatwa fupi.

Akajikaza siku kadhaa. Mwisho, jioni moja, aliwasha mashine, akachukua padi ya mkewe na kuiweka mezani kwake, juu ya mkono wa shati aliokuwa akiushona.

"Nisaidie," alisema. "Peke yangu siwezi."

Pengine ni ile sauti iliyotetemeka. Mkewe aliacha cherehani, akaja kuketi mkekani. Walianza kuoka bila kusemezana. Macho yako mbele, mikono ina kazi, hakuna anayemtazama mwenzake usoni, na Fundi akahisi koo linafunguka.

"Zilikuwepo nywele," alisema, bado anatazama kioo. "Nyingi. Zimelala mpaka kwenye paji la uso."

Mtu wa mkewe alisimama katikati ya kiwanda. Kisha akaenda kuchukua unga.

"Endelea," alisema mkewe.

"Masikio yalikuwa yako, haya madogo. Pua yangu, masikini. Vidole virefu, nikasema huyu angekuwa fundi cherehani." Machozi yalikuwa yanamtiririka, hakuyafuta. "Nilimshika. Nikamwambia mama yako amelala tu, asingekuacha uende hivi hivi."

Tanuri lilikuwa linatoa moshi na wateja walikuwa wanaondoka mmoja mmoja, na hakuna aliyewajali.

"Mlimvisha nini?"

"Kile kigauni cha njano, ulichoshona wewe. Kilikuwa kwenye mfuko wa hospitali."

Swali lililofuata mkewe alilitoa kwa shida.

"Kilimtosha?"

"Kilikuwa kikubwa," alisema Fundi. "Nikamkunjia mikono mpaka hapa." Akamwonyesha kwenye mkono wake mwenyewe, na mkewe akapashika pale alipoonyesha, wakalia pamoja kwa mara ya kwanza.