Nakwenda Kulia

Jumamosi mchana mshonaji alikuwa akitia lastiki kwenye sketi za shule, na binti yake alikuwa ameketi sakafuni mbele ya televisheni, pedi ya mchezo mikononi. Zilikuwa mbio za mwisho za ubingwa. Magari ya mchezo huo yanafanana na ya watu wa kawaida, ila yamepakwa rangi za kelele, na yanazunguka uwanja wenye umbo la yai. Yanakata kona kushoto, kisha kushoto, kisha kushoto tena, mpaka mtazamaji anayaonea huruma.

"Huku hakuna kulia," binti alipenda kusema. Utani huo ulikuwa umeshachuja, na mama yake hakuwahi kuucheka hata ulipokuwa mpya.

Mumewe alikuwa dereva wa lori la saruji. Siku aliyokufa waligombana asubuhi, kwa sababu aliweka kofia yake yenye vumbi juu ya gauni la bibi harusi wa watu. Ulimi hauna mfupa. Mkewe alimwambia kwamba hata lori lake linamwonea aibu. Adhuhuri lori liligonga ukuta wa ghala. Redio ya kampuni, kwa maelezo ya kampuni, ilinasa maneno mawili tu: "Nakwenda kulia." Ofisa usafirishaji akaamua kwamba dereva alikuwa na majonzi, machozi yakamziba macho, basi kosa ni lake. Mama aliamini hivyo hivyo, na alijua majonzi hayo yalitoka kinywani mwa nani. Tangu mazishini hakutoa chozi. Aliona hana haki nalo.

Magari yalipojipanga, la mwisho kabisa lilikuwa lori la saruji lenye turubai la bluu. Mtangazaji wa mchezo alilitaja kama alivyoyataja mengine.

"Mama, baba kaingia mashindanoni."

"Yuko wa ngapi?"

"Wa mwisho."

"Basi ni yeye."

Lori liliendeshwa kwa adabu. Liliwasha indiketa kabla ya kulipita gari lolote, na likishapita lilipiga honi kidogo ya kushukuru. Vumbi la saruji lilitoka kwenye skrini likatua sakafuni. Mama alifunika sketi za watu kwa shuka, akachukua ufagio, akanung'unika kwamba kuna watu hata wakifa hawajifunzi. Kisha akarudi kwenye cherehani yake.

Mzunguko wa mwisho, magari ya mbele yaligongana na kurundikana upande wa kushoto wa kona. Gari la binti lilikuwa katikati ya rundo, limezima. Lori lilikuwa linakuja kwa kasi nyuma yake. Sauti ya baba ikatoka kwenye televisheni, tulivu, ya mtu anayeomba chumvi mezani.

"Breki hazishiki. Kushoto kuna watu. Nakwenda kulia."

Lori likakata kulia, mahali ambapo mchezo haukuwahi kumruhusu mtu kukata. Likavunja ukingo, likapita nyasini, likasimama. Baba akashuka, akakung'uta kofia, akageuka kuhakikisha kwamba gari la binti halijaguswa. Halafu akapanda tena.

Mguu wa mama uliganda juu ya kanyagio la cherehani.

"Mkono wa kulia," alisema.

"Ndiyo, mama."

"Kushoto kwa lile ghala kuna kituo cha basi. Mchana kinajaa watu."

"Ndiyo, mama."

"Kumbe hakuwa analia."

Jumatatu walikwenda kwa ofisa usafirishaji. Aliwapa viti, akawasikiliza mpaka mwisho.

"Hata nyumbani kwangu aliingia mchezoni, Jumamosi hiyo hiyo," alisema. "Nimeyasikia maneno yote. Dereva mzuri sana. Lakini uamuzi ulishatoka, mama, na mchezo si ushahidi."

Nje ya dirisha lake malori yalikuwa yameegeshwa, kila moja na jiwe lake chini ya tairi, maana breki zilikuwa za kubahatisha. Utingo mmoja aliliondoa jiwe, akalipakia, na lori likatoka getini na mzigo wake.

Mama alilia njia nzima, kwa sauti, bila kujifunika uso. Alipofika nyumbani akalia tena jikoni. Alimlilia mumewe kama mke, si kama mshtakiwa, na moyo wake ukawa mwepesi kuliko ulivyokuwa tangu msiba. Alipomaliza alinawa, akavuta kigoda mbele ya televisheni, akanyoosha mkono kuomba pedi.

"Nifundishe."

"Ni kushoto tu, mama. Huku hakuna ku..."

"Kupo."

Kwenye skrini magari yalikuwa yanajipanga. Lori lenye turubai la bluu lilikuwa nafasi ya mwisho, kando ya gari la mama, indiketa ya kulia ikiwaka na kuzima. Mama alilitazama kwa muda, akasogeza uso karibu na kioo.

"Na hiyo kofia," alisema, "iweke popote unapotaka."