Kalamu Sitini

Jumamosi moja ya mwezi wa tano, saa nne asubuhi, Jilala alikuwa akisugua sufuria kubwa nyuma ya ofisi ya Mwaka wa Utumishi, Katoro. Sufuria haikuwa chafu. Haikuwa imepikiwa kitu tangu Februari, unga ulipoisha, lakini ratiba ilisema "Jilala: kuosha sufuria", na Jilala aliipenda ratiba kwa moyo wake wote. Alikuwa amemaliza chuo, akaliacha shamba la tumbaku la baba yake kule Ushetu, akaja kumtumikia Mungu mjini kwa mwaka mmoja. Barua yake ilimpa kazi moja tu: kuwalisha mchana watoto sitini wa akina mama wanaoponda mawe ya dhahabu kwa nyundo.

Unga uliisha, semina hazikuisha. Watoto walifika saa sita kamili, wakakaa kwenye mabenchi, wakafundishwa kujitambua, wakarudi makwao wakiwa wanajitambua na njaa yao.

Siku hiyo Jilala alikuwa amewaahidi karamu. Mratibu wa mradi, Kaka Ansgar, akampa kipaza sauti aombe. Hapo Katoro maombi yaliyojibiwa yalikuwa yale ya kwenye kipaza sauti, na kipaza sauti hawakukishika ila watu wa mradi.

"Bwana," Jilala akaomba, macho ameyafumba, "washushie watoto hawa kalamu."

Alikusudia karamu. Ila ulimi wake ulikuzwa na Kisukuma, na kila ra aliyokutana nayo njiani aliigeuza la.

Kalamu zikashuka. Zilikuwa za wino wa bluu, zenye vifuniko, sitini kamili, na kila moja ilitua kwenye paja la mtoto wake. Mtoto aliyekuwa chooni aliikuta yake ikimsubiri kwenye benchi.

"Tunasemaje, watoto?" akauliza Kaka Ansgar.

"Asanteee!"

Mmoja aliing'ata ya kwake, akatafakari, akaitia mfukoni.

Mchana Mama Vumilia akaja kumchukua binti yake, vumbi la mawe limemjaa hadi kwenye kope.

"Shikamoo, mayu," Jilala akasema, kama anavyomsalimu mama yake.

"Marahaba, mwanangu. Wamekula nini leo?"

"Kalamu."

"Kalamu gani?"

"Za bluu."

Mama Vumilia akamtazama. "Kwani huwezi kuomba chakula? Chakula hakina ra."

"Naomba tangu unga ulipoisha, mayu. Nakitamka sawasawa kabisa."

"Ndiyo maana. Huko juu wanakujibu makosa tu."

"Inaelekea hivyo," akasema Jilala.

Mwezi wa sita aliwaombea akina mama wapate fahari katika kazi ya mikono yao. Kabla ya amina, fahali mweusi mwenye nundu aliingia getini, akasimama chini ya bango la mradi. Akina mama wakaanza kunoa visu. Kaka Ansgar akatoka na kopo la rangi nyeupe, akamwandika ubavuni MU/07, kwa kuwa printa ilikuwa MU/06.

"Mali ya mradi hailiwi," akasema.

"Kaka Ansgar," akasema Mama Vumilia, "huyu ana maini. Ana utumbo. Hiyo printa yako ina utumbo?"

"Mama Vumilia, tufuate utaratibu."

Fahali alifungwa kwenye nguzo ya bendera, akala maua ya ofisi, kisha chati ya semina.

Kaka Ansgar hakuwa mtu mbaya. Aliona tu kwamba daftari la mali halitoshi, na kwamba kijana msomi hawezi kuendelea kusema hivyo mbele ya wageni. Kila asubuhi akamkalisha Jilala na penseli kati ya meno: rehema, reli, rubani. Jilala alitii. Aliamini Mungu anaweza kumkuza mtu hata kwa penseli. Katikati ya Agosti ra ikatoka, safi, inanguruma. Kwa furaha akampigia mama yake simu. Mama yake akamuuliza anaongea na nani.

Ni wiki hiyo hiyo Mama Vumilia alipopata wazo.

"Siku ya kufunga mwaka, omba kura."

"Kura za nini?"

"Wewe omba tu. Ukiitamka kwa ulimi wako wa zamani, inakuwaje?"

Jilala akaelewa. Alicheka mpaka fahali akageuka.

Siku ya kufunga mwaka akina mama walikuja na sahani. Watoto walikuwa wamenawa mikono. Jilala akashika kipaza sauti, na kwa mara ya kwanza maishani akajitahidi kukosea. Aliulegeza ulimi, akawaza nyumbani, moshi wa tumbaku, sauti ya mama yake akiita ng'ombe.

"Bwana," akasema, "utupe kurrra."

Likashuka sanduku la kura, lenye kifuniko na tundu, na ndani yake karatasi sitini.

"Limekuja wakati mzuri," akasema Kaka Ansgar. "Watoto wachague semina ya mwakani. Kujitambua, au uongozi."

Watoto wakatoa kalamu zao za bluu. Kura zikahesabiwa mbele ya wageni. Hamsini na tisa ziliandikwa ugali. Moja iliandikwa ugali na maini, pamoja na mchoro wa fahali. Kaka Ansgar alitangaza kwa masikitiko kwamba kura zote zimeharibika, kwani ugali hakuwa mgombea, kwa hiyo semina ya kujitambua inaendelea. Jilala akapewa cheti kinachosema ameimarika kiroho na kimatamshi.

Akaomba abaki mwaka mwingine, wakamkubalia.

Siku ya pili alikwenda kwenye mawe, akakaa karibu na Mama Vumilia. Watoto walikuwa wamejipanga kivulini, kila mmoja na kalamu yake.

"Sema lehema," akasema Mama Vumilia.

"Rehema."

"Lehema."

"Rehema."

Mama Vumilia akaweka nyundo chini, akamshika kidevu kwa vidole vyenye vumbi.

"Pole pole, mwanangu. Tuna mwaka mzima. Lehema."