Rangi ya Maziwa

Kwa Sindano, fundi wa kushona, bahari haikuingilia mlangoni. Ilipandia chooni. Kila bamvua, mwezi ukipevuka na maji kujaa kupita kiasi, shimo liligugumia, kisha likatapika uchafu wa mtaa mzima mpaka chini ya cherehani yake. Zamani ilikuwa mara mojamoja. Sasa kila mwezi. Alideki, akamwaga dawa, akanawa mikono mpaka ikachubuka, na bado chakula hakikumpita kooni.

Majirani wengi walishahamia bara. Mumewe, fundi rangi aliyejulikana kwa jina la Brashi, akasema nao waondoke, ila si mikono mitupu.

"Tunauza nyumba."

"Nani atainunua?"

"Asiyejua."

Brashi alikwangua chumvi iliyochanua ukutani, akaziba nyufa, akapaka rangi ya maziwa. Chooni akatandika zulia na kunyunyiza manukato. Alipiga mbinja akiufuta mstari wa maji kwa kiganja, taratibu, kama anayembembeleza mtoto. Sindano akageuza uso.

Dalali akaleta mtu na mkewe mjamzito, miguu imevimba.

"Mmetoka wapi, mdogo wangu?" Sindano alimuuliza akimvutia kiti.

"Kule chini ufuoni, dada. Bahari imetufukuza. Tulifikia kupikia juu ya kitanda. Hapa angalau pakavu."

"Pakavu hata vumbi linapaonea wivu, shemeji!" Brashi akadakia. "Mtoto atatambaa apendavyo."

Atambae hapa? Sindano akaitazama ile miguu iliyovimba.

"Choo kinatapika," alisema. "Mwezi ukipevuka mavi yanafika hapo ulipoweka miguu."

Dalali akakohoa. Wageni wakaondoka bila kuaga.

"Umetumaliza," Brashi alisema. "Wale ni ndugu zako?"

"Ndugu zangu wanajua tayari. Ndiyo maana nimewaambia wale."

Kesho yake alifunga nguo zake akaenda kwa dada yake, bara. Hata mwezi haujaisha, Brashi akamfuata, meno yote nje. Amepata nyumba mlimani, vyumba viwili, na kitanda kipya.

"Ile umemuuzia nani?"

"Mjane mmoja na mama yake. Wamefurahi hao!"

"Huyo mama anatembea?"

Brashi akajikuna shingo. "Yuko kitandani tu."

Sindano akatoka nje akatapika. Alipojifuta mdomo hakurudi ndani. Alishika njia ya pwani.

Alichelewa. Maji yalishaingia, yakituama meusi chini ya kitanda cha bibi kizee, aliyejifunika pua kwa khanga. Mjane alikuwa akichota kwa ndoo, nguo imemganda mwilini.

"Mimi ndiye niliyekuwa na nyumba hii," Sindano alisema.

"Ulijua?"

"Nilijua."

Mjane akamtemea mate. Sindano hakuyafuta. Aliingia majini, akampa bibi mgongo. "Nishike shingoni, mama. Tunapanda mlimani."

Walipofika nyumba mpya ya mlimani, wote watatu, Brashi alifungua mlango akaruka nyuma, kaziba pua.

"Mbona wananuka hivi!"

"Wametoka kwako," Sindano alisema, akampita.

Akamlaza bibi kwenye kitanda kipya, akainjika maji ya kumwogesha. Brashi akabaki amesimama mlangoni, shati puani, hajui aingie au atoke. Hakuna aliyemwambia.