Vyumba Vinne vya Madoa

Zud ya mwaka ule, baridi inayoua mifugo nyikani kwetu, ilianza kwa mvua juu ya theluji. Ikaganda, nyasi zikabaki chini ya kioo: kondoo wanaziona, hawazifikii. Kufikia mwezi wa pili wote walikuwa wamekufa. Tulibakiwa na Madoa tu, ng'ombe wa maziwa. Akipona, tungebaki wafugaji. Akifa, tungeng'oa hema, tuhamie mjini kwa mjomba, tukavute moshi wa makaa ya mawe.

Mama alimpa konzi ya mabua asubuhi, konzi jioni.

"Mama, tumbo lake lina vyumba vinne," nilimwambia. "Wewe unapangisha kimoja tu."

"Msomi, nyamaza. Kalete kinyesi cha kuwashia moto."

Lori la misaada likaleta gunia la unga wa ngano. Mama alipotoka kukata barafu ya kuyeyusha, nikamjazia Madoa beseni zima. Akalamba mpaka chini. Nikamwongezea la pili, nikajiona daktari.

Mama aliporudi akaona pua nyeupe.

"Tumur, umempa nini?"

"Keki. Leo kazaliwa."

Hakucheka. Kesho yake ubavu wa kushoto ulikuwa umevimba, na Madoa hacheui. Mama akabandika sikio pale panaponguruma siku zote.

"Pamenyamaza," alisema. "Tumbo ni kama kiriba cha kuchachushia maziwa ya farasi, mwanangu. Mna hamira humo. Ya Madoa ilizoea mabua. Umeimwagia unga, umeiua."

Vijidudu vya tumboni. Niliviandika kwenye mtihani, nikapata tisini.

Hamira ya kiriba ikifa, huombwa kwa jirani. Basi tukaenda kwa mzee Sambuu, aliyebakiwa na yaki mmoja, ng'ombe wa manyoya marefu, ambaye bado anacheua.

"Norjmaa!" mzee akamshangaa Mama. "Wenzako huja kuomba chumvi, wewe waomba matapishi?"

Lakini alimshika yaki pembe. Mama akachomoa tonge lililotafunwa mdomoni mwa yaki, akalificha kifuani lisipoe, tukakimbia. Akamsukumia Madoa kooni.

"Cheua, mama," akambembeleza ng'ombe. "Cheua mara moja tu."

Tukasubiri walau mbweu moja. Adhuhuri Madoa alinyoosha shingo, akafa.

Mama hakunigombeza, afadhali angenigombeza. Alifuta mikono kwa theluji.

"Fungua kamba za hema," alisema. "Anzia kaskazini."

Nilitafuta mzaha, sikuupata. Mafundo yalikuwa yameganda. Ikabidi niyapulizie pumzi, moja baada ya jingine.