Kitambaa cha Ukoo Begani mwa Nelius

...hapana, hakiwezi kuwa changu, Nelius anawaza, na Mama Callum keshakitandaza begani mwake, kitambaa cha sufu chenye mirabaraba ya kijani na buluu na uzi mwembamba mwekundu unaokatiza, kizito kwa jua hili la Ishiara, pini ya fedha ameibana kwa meno kama fundi wa cherehani, mama mzima aliyetoka Uskoti ili mwanawe amwoe Maxine leo saa nne, na Maxine mwenyewe, na gauni lake jeupe, ameketi kitandani akitafsiri, "Mum, anasema hii ndiyo tatani, nguo ya mirabaraba ya ukoo wao, ziko aina nyingi, kuna za ukoo, kuna za eneo, hizo hata jirani anavaa, kuna nyeusi na nyeupe ya kuomboleza, kuna ya kuwinda..." ya kuwinda? watu wana nguo ya kuwinda na nguo ya kulia... "na ya mkuu wa ukoo, hiyo tu ndiyo haiguswi," na Nelius anataka kusema basi nipe ya majirani, hiyo nimeizoea, maana siku ya kumzika Nyaga kule Siakago ndiko walikomweka, kwa majirani, miaka kumi na tisa amekaa na Nyaga, amemzalia Gachoki na Maxine, amemwogesha miezi minane kiharusi kilipomlaza, na asubuhi ya mazishi vikagawanywa vilemba vya zambarau, akajifunga chake, na Kawira, dadake Nyaga, akaja mbele ya watu wote akakifungua, taratibu, kama anayemtoa mtoto chawa, "Hiki ni cha watu wa familia, Nelius, kaka yangu hakupeleka kwenu hata mbuzi wa mahari," na upepo ukamshika, hilo analikumbuka kuliko jeneza, baridi ya kichwa kitupu, na Maxine wa miaka kumi na minne, yeye kilemba anacho kwa sababu ya damu, akigeuka kutoka mstari wa mbele kumtafuta kwa macho... "Mum, unasikia?" nasikia, "Mwambie sikuolewa," anasema, "mwambie kabisa, kwa baba yako mimi sikuolewa, asije akaaibika baadaye," na Maxine anatafsiri, na yule mama anatoa pini mdomoni, atacheka? hacheki, anasema maneno marefu akiwa ameshika bega la Nelius, na Maxine, "Anasema hata yeye hakuzaliwa kwa ukoo huo, alikuja tu, na hakuna sheria, ni heshima, wenyewe wakikuomba uvae, unavaa," wakikuomba... kwa hiyo ni kuombwa, miaka yote hii alidhani ni damu, alidhani ni mbuzi, kumbe Kawira angeweza tu kupita, kujifanya hakuona, na yeye angemzika mtu wake akiwa amejifunga kichwa, na machozi yanaanza kupanda, na kabla hayajafika machoni jambo lingine linayapita... Jumanne, siku ya kugawa vitenge vya harusi, vile vya manjano, Sheila amesimama mlangoni, Sheila wa Gachoki, mwaka wa tatu huu anaishi nao bila kuolewa, anayemletea chai kitandani mgongo ukimsumbua, mikono ameshaifuta kwa sketi tayari kupokea, na nani aliyesema, nani, tena kwa sauti tamu, "Sheila, hivi vimetosha wenyewe tu, wewe utatusaidia jikoni"? havikuwa vimetosha, vilizidi, viwili vimo kwenye sanduku chini ya kitanda anachokalia Maxine, na Sheila akasema "Sawa, Mama," akaenda, hakubamiza mlango, hakununa, na moshi huu unaoingia dirishani ni wa sufuria zake, tangu alfajiri yuko huko, na Nelius alilala vizuri Jumanne ile, hilo ndilo linalomtisha sasa, alilala fofofo, pengine hata Kawira alilala vizuri siku ya mazishi, pengine hakumbuki, pengine kwake ilikuwa kazi ndogo kama kuokota uzi kwenye nguo ya mtu... Mama Callum amerudisha pini kwenye meno, anangoja, mkono bado uko begani, sufu inawasha shingo, "Mum, ashikize hapa ama juu kidogo?" na huko nje kwaya imeanza kujaribu sauti, na Nelius anasikia mdomo wake mwenyewe ukisema, "Ngoja. Ngoja kwanza. Niitie Sheila, mwambie aache sufuria, anawe mikono, aje."