Samaki Wasio na Mwenyewe

Samaki wake alipokufa, Djamila aligeukia ukuta akakataa maji.

Kwa mtoto mwingine hiyo ingekuwa deko tu. Kwa Djamila ilikuwa kufa na kupona. Alikuwa na ugonjwa wa damu, ule ambao watu wa Kisangani wanauita SS, na mgonjwa wa SS akikosa maji damu humkwama mishipani, mifupa ikawaka moto. Dripu alikuwa ametundikiwa, lakini mishipa ya mikono yake ilishachoka kuchomwa. Kila sindano ilipotoka, Mama Angèle, muuguzi wa wodi ile ya watoto, alipapasa ngozi akitafuta mahali papya, na kila mara alipata kwa shida zaidi.

"Kunywa kidogo tu, mama," Rachida alimbembeleza bintiye, kikombe mkononi. "Kwa ajili yangu."

"Samaki ya Baraka ilikufa, na Baraka akakufa," Djamila aliujibu ukuta. "Yangu ilikufa. Alors, sasa ni mimi."

Rachida alimtazama Angèle kana kwamba muuguzi ndiye mwenye funguo za uhai. Angèle alitoka nje akajiegemeza kwenye nguzo ya baraza, akauma ncha ya kitambaa chake cha kichwa ili wasimsikie akilia.

Samaki wa watoto waliishi wodini katika tangi la kioo lililojengwa na Issa, fundi wa vioo, ambaye mwanawe aliwahi kulazwa hapo. Lilikuwa refu kama vitanda viwili vilivyounganishwa, na ndani Issa alipanda majani ya vijito: mapana yanayong'ang'ania mawe, na membamba kama nywele yanayocheza maji yakipita. Samaki waliletwa wa kila aina, mmoja mmoja, wawili wawili. Watoto wakagawana. Huyu wa mistari ni wa Baraka, yule wa kichwa kikubwa ni wa Yakubu, na mdogo mwenye doa jekundu ni wa Djamila. Mtoto aliyechomwa sindano alimkazia macho samaki wake mpaka maumivu yapite, na Angèle alifurahi kuona hivyo.

Kisha samaki wa mistari akaelea tumbo juu, na kesho yake Baraka akafariki. Hakuna mtu mzima aliyeunganisha mambo hayo mawili. Watoto waliyaunganisha. Tangu hapo walikuwa wakiamka na kukimbilia kioo kabla hata ya kwenda msalani, kila mmoja akitafuta uhai wake mle majini. Yule wa kichwa kikubwa alizidi kunenepa akawa mkorofi, akawafukuza wenzake, hadi asubuhi moja akamrarua yule mwenye doa jekundu.

Angèle alifikiria kulivunja tangi. Alifikiria kuwadanganya watoto. Lakini hofu ya wodi nzima haidanganyiki. Mwisho, maji yalipomfika shingoni, alimpigia simu Tonton Hugues, mdogo wa mama yake, mvuvi wa Yanonge.

"Tonton, niletee samaki wadogo, wazima, wa kila namna. Mi mwenyewe nitachagua."

"Ya kula?"

"Hapana. Ya kuponyesha mutu."

Hugues hakuuliza zaidi. Alishuka bandari ya mitumbwi na mabeseni yaliyofunikwa majani ya ndizi, Angèle akayachutamia mabeseni hayo hapo hapo kwenye tope, sare yake nyeupe ikiingia matope pindoni.

"Hawa wenye madoa ni wazuri," alisema mjomba.

"Wanapigana?"

"Wakikomaa, ndiyo."

"Ondoa. Na hawa?"

"Hawa wanalala muchana chini ya majani. Usiku ndiyo wanatembea."

"Watoto hawatawaona. Hawa wakubwa wa rangi ya fedha?"

"Bon, hawa watakula bustani yako yote, hakuna jani litabaki."

Kule wodini mtoto alikuwa akikauka, na Angèle hapa anachambua samaki kama anayechambua mchele. Alifunua beseni la mwisho. Ndani kulikuwa na samaki wa urefu wa kidole, ubavu wao ukimetameta buluu na dhahabu, mikia imechanikachanika kama pindo la kitenge kilichozeeka. Alipoweka kivuli cha mkono wake, wote waligeuka pamoja.

"Hao wanatoka kwenye kijito," Hugues alisema. "Hawana ubaya na mutu. Lakini usichukue wawili, watatu. Ukimutenga mumoja, hakuli tena, anajificha mpaka anakufa. Lazima wawe wengi."

"Wanafanana?"

"Ukiwa nao wengi, hata mimi siwezi kukuonyesha ni yupi ni yupi."

"Nipe wote. Na kesho uniletee wengine."

Samaki walihamishiwa kwenye mabidoni, madumu ya plastiki, yakapandishwa toleka, baiskeli ya kukodi, naye Angèle akatembea kando ya baiskeli hiyo, mkono juu ya mizigo, akimsihi mwendeshaji akwepe mashimo. Wodini aliwatoa kwanza samaki wa zamani. Yakubu alilia.

"Yangu inaenda wapi?"

"Inarudi nyumbani mtoni. Nitaipeleka mimi mwenyewe."

"Haitakufa?"

"Haitakufa hapa."

Kisha akaongeza maji ya tangi kwenye mabidoni kidogo kidogo, ili wageni wayazoee, akawaachia. Walitawanyika kama walioona mamba, wakajigonga kwenye kioo, wakajificha majanini. Tangi likaonekana tupu. Angèle alisimama na bidoni tupu mkononi, akadhani amewanyang'anya watoto hata kile kidogo walichokuwa nacho. Halafu mmoja alitokeza, wa pili akamfuata, na kundi zima likakusanyika katikati ya majani, likapinda, likapindua nuru yote kwa mara moja. Watoto wakasogelea kioo.

"Ya nani ni ipi?" Yakubu aliuliza.

"Hakuna ya mutu. Ni ya wodi."

Rachida alimbeba bintiye mgongoni hadi kwenye kioo. Djamila hakutaka kutazama, kisha akatazama. Midomo yake ilikuwa imepasuka kwa ukavu.

"Mumoja akikufa, wengine watajua?" alinong'ona.

Angèle alitamani kusema hawafi. "Sijui, mwanangu. Naona tu wakishtuka wanakaribiana."

Djamila aliwatazama mpaka mama yake akachoka kusimama. Jioni hiyo alikunywa vijiko vitatu vya maji, akatapika viwili. Haukuwa muujiza. Angèle aliendelea kukesha na moyo mkononi.

Samaki kadhaa walikufa kwa uchovu wa safari, naye aliwatoa kabla watoto hawajaamka, akiamini hakuna atakayegundua. Lakini asubuhi moja Djamila alimwita.

"Kulikuwa mumoja, mukia wake ulikatika upande. Leo haiko."

Damu ilimwisha Angèle usoni. Basi mpango wote umekuwa bure, mtoto amekwisha mchagua wake. Hakuweza kusema uongo. "Alikufa, Djamila. Nilimutoa."

Mtoto aliegemeza paji la uso kwenye kioo. Ng'ambo ya kioo, kundi lilipita kwenye majani mapana, likarudi.

"Wao iko wanaogelea tu," alisema mwisho. Hakulia. Alinyoosha mkono kuelekea kwa mama yake, na Rachida akampa kikombe.

Maumivu yalimrudia tena na tena kabla hajaruhusiwa kwenda nyumbani, na kila yaliporudi alipiga kelele hadi wodi nzima ikaamka. Lakini maji hakuyakataa.